Savannah kwa gari, watu wawili: njia ya kutoka Atlanta, siku tatu

Sisi tunaoishi Atlanta na vitongoji vyake, Clarkston, Marietta, Lawrenceville, tukipata siku tatu za mapumziko tunakimbilia Florida. Kabla ya kufika Macon kuna bango la kijani lenye jina la Savannah, nasi tunalipita. Mimi na mume wangu tulilipita miaka sita. Mwaka wa saba tukalifuata, na tangu hapo tumekwenda mara nne. Mwongozo huu ni ule ninaowapa wenzangu wanaponiuliza: gari moja, watu wawili, kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili.

Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulikula vizuri, tukapiga picha chini ya miti, tukarudi nyumbani na mji hatujauona. Savannah ni mzuri kiasi kwamba unaweza kuuzunguka siku mbili bila kujiuliza nani aliyeyabeba matofali. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini nimezipanga ili uzuri na historia vije pamoja, na ili msikae kwenye gari muda mrefu kuliko inavyolazimu.

Kwanza: chagueni wiki

Wiki nzuri ni za mwisho wa Machi na Aprili, maua yanapochanua kwenye bustani, au Oktoba na Novemba. Julai na Agosti ni joto la Tanga lisilo na upepo wa bahari. Mtatembea saa moja mkatafuta kiyoyozi. Msimu wa vimbunga unaanza rasmi Juni 1 na kuisha Novemba 30. Hiyo haina maana msiende, ila nunueni nafasi ya hoteli inayokubali kughairiwa, na mwangalie taarifa za hali ya hewa siku tano kabla.

Epukeni wiki ya Machi 17, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Gwaride la mji huu lina historia ya tangu 1824 na ni miongoni mwa makubwa kabisa Marekani. Bei za vyumba zinapaa, mitaa inafungwa, na ule utulivu mnaoufuata hamtaupata.

Jambo jingine la majira ni usubi. Masika na vuli, wakati ambapo hali ya hewa ni nzuri, ndipo usubi wa vinamasi unapotoka, hasa asubuhi na jioni kukiwa hakuna upepo. Bebeni dawa ya kujipaka.

Pili: pigeni hesabu mapema, wote wawili mkiwa mezani

Ugomvi mwingi wa safarini huanzia kwenye risiti ambayo mmoja hakuitarajia. Kutoka Atlanta hadi Savannah ni kama maili 250, yaani kilomita 400 hivi. Kwenda na kurudi, pamoja na kwenda ufukweni Tybee na mizunguko midogo, wekeni maili 550. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni litakula galoni 18 na kidogo. Zidisheni kwa bei ya mafuta ya wiki hiyo. Si lazima kupita barabara ya kulipia popote njiani.

Malazi ndiyo yanayokula pesa. Hoteli za katikati ya mji wa kale ni ghali, na bei mnayoiona kwenye simu siyo mtakayolipa: kuna kodi ya mauzo, kodi ya hoteli ya mji, na ada ya jimbo la Georgia ya dola 5 kwa kila usiku. Kisha ulizeni maegesho. Hoteli moja tuliyofikia ilitutoza maegesho kila usiku, na hilo hatukulijua hadi siku ya kuondoka. Siku hizi napiga simu na kuuliza maneno haya: jumla yote, pamoja na gari, ni kiasi gani?

Mkitaka kupunguza, laleni Pooler, karibu na uwanja wa ndege na makutano ya I-95. Ni mwendo wa dakika ishirini hivi kuingia mjini na maegesho huko kwa kawaida ni bure. Lakini kama mnaweza kumudu usiku mmoja tu ndani ya mji wa kale, uwe wa Jumamosi. Kutembea kwa miguu kurudi chumbani saa nne za usiku, taa zikiwaka chini ya mialoni, ni jambo ambalo Pooler haiwezi kuwapa.

Mkahawani wekeni bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 juu ya bili. Wahudumu wanaitegemea.

Tatu: gari na karatasi zake

Kagueni upepo wa tairi, maji ya kusafishia kioo na tairi la akiba. Kama ni gari la kukodi, andikisheni majina yenu wote wawili kwenye mkataba hata kama mmoja ndiye dereva wa kawaida; saa nne za barabara ni nyingi kwa mtu mmoja, na bima inaweza kukataa kulipa kama aliyekuwa kwenye usukani hakuandikwa. Mgeni aliyetoka Bujumbura au Dar anayetumia leseni ya nyumbani abebe leseni yenyewe, pasi ya kusafiria, na kibali cha kimataifa cha udereva, hasa kama leseni yake haina Kiingereza.

Sheria tatu za Georgia ambazo nimeona wenzetu wakinaswa nazo. Tangu Julai 1, 2018 dereva haruhusiwi kushika simu mkononi, hata kwenye taa nyekundu. Simu ikae kwenye kishikilio. Mvua ikinyesha, taa ziwashwe, hata iwe mchana kweupe. Na ukikamatwa ukienda maili 85 kwa saa au zaidi kwenye barabara yoyote, au 75 kwenye barabara ya njia mbili, jimbo linakuongezea dola 200 juu ya faini ya kawaida. I-16 imenyooka na ni tupu, mguu unakuwa mzito bila kujijua. Kikomo chake kwa sehemu kubwa ni 70.

Nne: tokeni Atlanta kabla watu hawajaamka

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, au subirini mpaka saa nne asubuhi. Katikati ya hapo, na tena Ijumaa kuanzia saa nane mchana, I-75 ya kusini kupitia McDonough hujaa magari hadi mnasimama kabisa. Chai kwenye chupa, maandazi, maji. Mmoja anaendesha, mwingine anashika ramani na muziki.

Mkikaribia Macon barabara inagawanyika: I-475 inauzunguka mji na kuwapeleka wanaokwenda Florida. Nyinyi msiichukue. Kaeni kwenye I-75, muingie Macon, kwani hapo ndipo I-16 inapoanzia.

Na hapo Macon simameni. Nyoosheni miguu, kunyweni chai, na msimuliane habari ya Ellen na William Craft.

Walikuwa mke na mume, wote watumwa mjini Macon. William alikuwa fundi seremala. Ellen alikuwa binti wa bwana mzungu aliyemzaa na mtumwa wake, na rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba wageni walimdhania mtoto wa nyumba. Desemba 1848 Ellen alikata nywele, akavaa suruali, koti na kofia ya kijana tajiri, akajifunga mkono kwa kitambaa kana kwamba umeumia, kwa sababu hakujua kuandika na hotelini angetakiwa kutia sahihi. William akawa mtumishi wa huyo "bwana mgonjwa". Wakakata tiketi ya treni, kutoka Macon kwenda Savannah.

Ellen alikaa behewa la wazungu. Aliyekuja kuketi karibu naye alikuwa rafiki wa bwana wake, mtu aliyemfahamu tangu utotoni. Mzee akamsalimia. Ellen akajifanya kiziwi, akatazama dirishani. William, katika behewa la weusi, alimwona mwajiri wake akipita kwenye jukwaa la stesheni akikagua mabehewa. Treni ikang'oka kabla hajafika kwake. Jioni walishuka Savannah, wakapanda meli kwenda Charleston, wakaendelea hivyo hadi Philadelphia, walikoingia asubuhi ya Krismasi wakiwa watu huru.

Safari yenu kutoka hapa hadi Savannah ni saa mbili na nusu. Yao ilikuwa ya kutwa nzima, mke na mume wasioweza kuketi pamoja. Mume wangu huwa hapendi kuzungumza akiendesha, lakini siku ile tulipojua habari hii alinishika mkono kuanzia Macon hadi Dublin.

Tano: I-16

Ni maili 167 za misonobari. Vituo vimeachana sana, kwa hiyo jazeni mafuta Macon na mwende haja. Inaelekea mashariki, hivyo asubuhi jua ni la usoni, na mtakaporudi alasiri litakuwa la usoni tena. Miwani ya jua iwe karibu. Kukianza giza, paa wa huku huvuka barabara bila taarifa. Sababu nyingine ya kutembea mchana.

Kituo kimoja kinachostahili robo saa ni Dublin, maili kama 50 kutoka Macon. Katika kanisa la First African Baptist la mji huo, Aprili 1944, mvulana wa miaka 15 aitwaye Martin Luther King Jr. alitoa hotuba yake ya kwanza hadharani, katika mashindano ya kuhutubia. Wakati wa kurudi Atlanta, yeye na mwalimu wake waliamriwa kuwaachia wazungu viti kwenye basi, wakasimama njia nzima. Mtaona mji wenyewe ni mdogo. Mkipita kando ya barabara mkakuta mtu anauza karanga za kuchemsha na maganda yake, nunueni. Ni zile zile za stendi ya Morogoro, chumvi imezidi kidogo.

Sita: kuingia mjini na kulitua gari

I-16 haiendi popote zaidi. Inakwisha ndani ya Savannah, kwenye Montgomery Street. Egesheni gari kwenye jengo la maegesho la mji, kwa mfano lile la chini ya ardhi la Whitaker Street, au hotelini, na mliache huko mpaka Jumapili. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote. Mji wa kale ni wa miguu. Basi dogo la bure liitwalo DOT linazunguka, na miguu ikichoka lipo.

Mkilazimika kuegesha barabarani, someni kila kibao, hasa kile kidogo kinachotaja siku ya kufagiliwa kwa mtaa. Mara moja hatukukisoma, tukakuta karatasi ya faini kwenye kioo.

Viatu viwe bapa. Dada yangu, viatu vya kisigino viache nyumbani, nitaeleza sababu.

Saba: jioni ya Ijumaa ni ya mto

Mji umekaa juu ya mwinuko, mto uko chini. Mtashuka kwa ngazi za mawe zenye kimo kirefu na vijia vilivyotandikwa mawe ya mviringo yasiyolingana. Mawe hayo ni farumi: meli zilizokuja nyepesi kutoka Ulaya zilijazwa mawe tumboni ili zisiyumbe, zikifika zikayamwaga na kupakia pamba. Mji ukayatumia kujengea kuta na njia. Sasa mnajua habari ya visigino.

Majengo marefu ya matofali yanayoitazama River Street yalikuwa maghala na ofisi za madalali wa pamba. Juu kuna madaraja ya chuma yanayounganisha ofisi na mwinuko, nako huitwa Factors Walk. Leo chini ni mikahawa na maduka ya peremende za pekani, na harufu ya sukari inayochemka inawafuata.

Nendeni taratibu kuelekea upande wa magharibi hadi mnara wa Waamerika Weusi, uliozinduliwa Julai 2002. Ni baba, mama na watoto wawili wa shaba, wamekumbatiana, minyororo iliyokatika imelala miguuni mwao. Maneno yaliyochongwa chini ni ya Maya Angelou, nayo ni makali. Yasomeni kwa sauti ya chini, mmoja amsomee mwenzake.

Kisha tafuteni benchi. Meli za makontena zinapita karibu mno, kubwa kuliko majengo yote ya mtaa, zikielekea bandari ya Garden City juu ya mto. Aliyewahi kukaa Kivukoni, Dar es Salaam, akitazama meli ikiingia lango la bandari anaijua hali hii, mazungumzo yanakatika yenyewe. Kuna pantoni ndogo ya bure inayovuka hadi kisiwa cha Hutchinson. Ipandeni jua linapozama, si kwa sababu ya kisiwa bali kwa sababu ya kuuona mji kutoka majini. Vyombo vyake vimepewa majina ya wanawake wa Savannah, mmoja wao Susie King Taylor. Jina hilo mtakutana nalo tena kesho.

Mwisho wa mashariki wa mtaa kuna sanamu ya Florence Martus akipunga kitambaa. Alizipungia meli zote zilizoingia na kutoka, kuanzia 1887 hadi 1931.

Nane: Jumamosi asubuhi, kanisani, halafu viwanjani

Kateni mapema tiketi ya ziara ya kanisa la First African Baptist, Franklin Square, hapo hapo Montgomery Street mlikoingilia. Iwe ya kwanza ya siku. Jumuiya yake inahesabu mwanzo wake tangu 1773, kwa mahubiri ya George Liele, naye Andrew Bryan akaiongoza baada yake. Jengo mtakaloingia lilikamilika 1859, na waliolijenga ni waumini watumwa, waliokuja usiku baada ya kumaliza kazi za mabwana zao.

Mtapelekwa chini. Kwenye sakafu ya mbao kuna matundu yaliyotobolewa kwa umbo la almasi lenye msalaba ndani. Wenyeji wa kanisa wanaeleza kwamba umbo hilo ni alama ya Wakongo ya mzunguko wa uhai, kuzaliwa, kufa na kurudi. Tena wanaeleza kwamba chini ya sakafu walijificha watoro waliokuwa wakielekea kaskazini, na matundu yaliwapa hewa. Siku yetu kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, alisimama juu ya alama ile akavua viatu. Hakuna aliyemuuliza. Ghorofani mtaona mabenchi ya awali, na maandishi waliyochonga ubavuni.

Mkitoka, katikati ya Franklin Square pana mnara wa askari wa Haiti. Oktoba 1779, katika vita vya kuwaondoa Waingereza Savannah, zaidi ya watu huru weusi 500 kutoka kisiwani walipigana hapa.

Sasa anzeni viwanja. Mji huu uliasisiwa Februari 12, 1733 na James Oglethorpe, Mwingereza, kwa makubaliano na Tomochichi, mzee wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa hapa, mkalimani akiwa Mary Musgrove. Oglethorpe alipanga mitaa kuzunguka viwanja vya wazi. Vilifika 24, vimebaki 22. Kila baada ya dakika mbili tatu za kutembea mnaingia kivulini tena. Utando wa kijivu unaoning'inia kwenye mialoni kama ndevu za babu msiuguse wala kujivika kwa ajili ya picha, unaweza kuwa na vidudu vinavyowasha siku kadhaa.

Fuateni Bull Street kutoka City Hall lenye kuba la dhahabu hadi Forsyth Park, kama maili moja. Johnson Square ndicho cha kwanza kabisa. Wright Square ndipo alipozikwa Tomochichi mwaka 1739. Kaburi lake lilibomolewa baadaye ili kusimika mnara wa mwenye reli, na jiwe kubwa lililopo pembeni liliwekwa kama kumuomba radhi. Chippewa Square ina sanamu ya Oglethorpe. Hivyo vitatu vitazameni mkipita.

Madison Square kaeni. Nyumba ya Green-Meldrim iliyo pembeni ndiyo Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliyofanya makao yake alipouteka mji Desemba 1864. Humo, Januari 12, 1865, aliwaita wachungaji weusi ishirini na kuwauliza watu wao wanataka nini. Waliyemchagua aseme alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67. Kwenye kumbukumbu za mkutano ule imeandikwa kwamba miaka minane kabla alikuwa amejinunua yeye na mkewe, kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Jibu lake lilikuwa ardhi: wapewe ardhi, wailime kwa jasho lao, waweze kujitunza. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri ya kuzigawia familia zilizokombolewa hadi ekari 40 kila moja kando ya pwani. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuwarudishia wenye mashamba ardhi hiyo.

Nilimuuliza mume wangu pale kwenye benchi, ungeninunua? Alikaa kimya muda, akasema swali hilo mzee yule aliliishi miaka, akiweka senti juu ya senti, na bwana wake angeweza kubadili bei siku yoyote.

Kutoka hapo nendeni mashariki kidogo hadi Susie King Taylor Square kwenye Abercorn Street. Kilikuwa kinaitwa kwa jina la mwanasiasa mtetezi wa utumwa. Baraza la mji lilipiga kura kukibadili mwaka 2023. Susie alizaliwa mtumwa mwaka 1848, na hapa Savannah alisoma katika shule ya siri, vitabu vimefungwa karatasi ili polisi na wazungu wasivione. Alikuja kuwa mwalimu na muuguzi wa kikosi cha askari weusi akiwa bado msichana.

Malizieni Forsyth Park, kwenye chemchemi nyeupe ya 1858. Lala chini kwenye nyasi. Hapo sina maelekezo.

Alasiri chagueni jumba moja tu, msitawanyike. Mimi nawapeleka wageni Owens-Thomas House, Oglethorpe Square, kwa sababu hawaonyeshi sebule pekee. Ziara inapita kwenye makao ya watumwa, ambako rangi ya buluu ya dari, iliyopakwa ili kufukuza mizimu, ingalipo. Mkibaki na nguvu, jumba la kumbukumbu la Ralph Mark Gilbert linasimulia harakati za hapa za kudai haki, zilizoongozwa na W. W. Law, mtu aliyepeleka barua nyumba kwa nyumba kama tarishi kwa kazi yake ya kila siku.

Tisa: kula

Chakula cha pwani hii kitawashangaza kwa jinsi mnavyokijua. Majani yanayoitwa collard ndiyo sukuma wiki. Kunde ni kunde, bamia ni bamia. Ufuta huku unaitwa benne, jina lililokuja na watumwa wa Afrika Magharibi, na vibiskuti vyake vyembamba ni zawadi nzuri ya kubeba. Wali mwekundu wa Savannah unapikwa na nyanya hadi punje zinajitenga, mjukuu wa wali wa Senegali. Mpunga wenyewe ulitajirisha pwani hii kwa sababu Waafrika waliokamatwa walijua kuulima kwenye vinamasi. Wazawa wao, Wagullah-Geechee, bado wanaishi visiwani na wana lugha yao.

Kamba na grits ni lazima. Grits ni mahindi yaliyokobolewa na kupikwa laini, katikati ya uji na ugali, siagi juu. Mume wangu alianza kwa kudharau, akamaliza sahani yangu.

Tahadhari kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: sukuma, kunde na wali mwekundu hupikwa mara nyingi na nyama ya nguruwe ya kuokwa moshi au soseji, na menyu haisemi. Ulizeni kila mahali, tena mpikaji si mhudumu. Samaki, kaa, kamba na chaza ni salama zaidi, ila ulizeni pia mafuta ya kukaangia.

Mrs. Wilkes Dining Room, Jones Street, imekuwapo tangu 1943: meza za watu kumi, mabakuli yanapitishwa mkono kwa mkono na watu msiowajua, kama kwenye sinia la harusi. Ni ya mchana tu na foleni ni ndefu; angalieni siku wanazofungua, bebeni pesa taslimu. Aiskrimu ya Leopold's, Broughton Street, ni ya tangu 1919. Foleni yake pia ni ndefu, lakini inakwenda.

Kumi: Jumapili, bahari, kisha Augusta Avenue

Amkeni mapema mwende Tybee, maili 18 mashariki, kwa barabara ya US 80. Kabla ya kutoka angalieni jedwali la maji: wakati wa bamvua kubwa bahari hupanda hadi juu ya barabara hii, na njia nyingine hakuna. Mnara wa taa una ngazi 178. Panda, upepo wa juu unalipa. Maegesho ya kisiwa yote ni ya kulipia. Mwaka 1960 vijana weusi walikamatwa hapa baada ya kuingia majini kwenye ufukwe wa wazungu. Kumbukeni hilo mnapokunja suruali.

Saa sita mchana rudini mjini, na kabla ya kushika I-16 piteni Augusta Avenue, magharibi mwa mji. Hakuna jumba wala tiketi. Ni kipande cha nyasi na kibao cha chuma cha mwaka 2008, katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida.

Machi 2 na 3, 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi uliokuwa upande huu wa mji, watu 436 kutoka mashamba ya Pierce Butler waliorodheshwa kwa mnada ili kulipa madeni yake. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Wakauita Wakati wa Kulia. Mnada ulimwingizia dola 303,850, naye akapita akimpa kila aliyeuzwa dola moja, sarafu nne mpya za senti 25.

Mwandishi wa gazeti la New York alikuwapo akijifanya mnunuzi, ndiyo maana tunajua habari ya Jeffrey na Dorcas. Jeffrey alikuwa na miaka 23. Alipouzwa, alimwendea bwana wake mpya akiwa kavua kofia, akamsihi amnunue na Dorcas, wanapendana, wanataka kuoana. Akamsifia Dorcas kama mfanyakazi ili bei ionekane nafuu. Bwana akakubali kufikiria. Kesho yake Dorcas akapandishwa jukwaani pamoja na watu wengine wa familia yake, wanne kwa fungu moja. Bwana wa Jeffrey hakutaka wanne.

Tulisimama pale kama dakika kumi. Mtoto alipita na baiskeli, akatusalimia. Kisha mume wangu akanipa ufunguo, akasema niendeshe mimi kipande cha kwanza, na redio hatukuifungua mpaka tulipopita Metter.